Pembetatu za Chiriku

Wodi ya mifupa ya watoto ilikuwa mwisho wa korido ndefu, baada ya stoo ya mashuka. Vitanda vilipangwa safu mbili, na juu ya vingi vyao zilisimama fremu za chuma zenye magurudumu madogo na kamba. Mwisho wa kamba ulining'inia mfuko wa mchanga. Mwanzo wake ulikuwa mguu wa mtoto. Mtoto akishafungwa hapo hakuwa wa kwenda popote mpaka mfupa wenyewe uamue kuunga. Alilala chali, akatazama dari, hadi akalijua kila doa lake kama ndugu.

Humo alifundisha mwanamke mmoja ambaye watoto walimwita Mwalimu Mirija. Kabla ya hapo alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza katika shule iliyojaa pomoni, na alipohamishiwa hospitali wenzake walimpa pole kama aliyefiwa. Yeye naye alidhani kazi itakuwa ya kusoma hadithi na kuimbisha nyimbo. Haikumchukua muda kugundua kwamba watoto wale walikuwa na njaa ya kazi. Miguu ilifungwa, lakini mikono iliwawasha. Wasipopewa la kufanya walikwaruza plasta, wakabandua rangi ukutani, wakatupiana vifuniko vya dawa hadi manesi wakachoka kugomba.

Mama wa kantini alimpa pakiti ya mirija ya soda. Mwalimu aliikata kwa urefu mbalimbali, akapitisha uzi ndani yake, akafundisha kufunga fundo. Kwa mirija minne walitengeneza mraba. Ukiubonyeza ubavuni, mraba unalala upande kama mlevi. Ukiongeza mrija wa tano, wa mshazari, kutoka kona hadi kona, unasimama kidete. Kisha pembetatu: mirija mitatu, uzi, fundo. Vuta, bonyeza, sukuma, umbo halilegei.

"Msiniamini mimi," alikuwa akiwaambia. "Mwalimu naye ni binadamu. Vuta mwenyewe uone."

Nao walivuta. Kulikuwa na mtoto wa kiume aliyeitwa Bosi kwa sababu alikuwa akiwatuma hata manesi; alivunjika mguu kwa kuanguka kutoka kwenye mpera wa jirani, na alishikilia kwamba alipanda kuutazama tu. Siku mwalimu alipogawa pembetatu za karatasi, wakachana kona zote tatu na kuzipanga ubavu kwa ubavu, kona za kila mtoto zilikaa kwenye mstari mmoja ulionyooka kama ukingo wa rula. Bosi hakukubali. Alidai yake ilichaguliwa makusudi. Akakata nyingine, nyembamba kama mwiba, akachana kona, akapanga. Mstari ulinyooka vilevile. "Huyu mtu ni mchawi," alimwambia jirani yake wa kitandani, msichana mwenye mapengo, naye Mapengo akacheka hadi mfuko wake wa mchanga ukayumba.

Hivyo ndivyo wodi ilivyokuwa alipoletwa Chiriku.

Aliletwa majira ya mvua, alasiri, machela ikidondosha maji ya matope sakafuni. Ukuta wa uzio wa jirani yao ulikuwa umelowa mpaka msingi, ukaanguka juu ya chumba walichopanga. Baba yake, fundi wa kutengeneza friji, alikuwa kazini. Chumbani walikuwamo mama, binti na mtoto mdogo wa kiume anayejifunza kutembea, ambaye nyumbani walimwita Kibonge. Majirani walifukua kwa mikono na masufuria. Binti alitolewa wa kwanza, mfupa wa paja umekatika, kichwa kizima. Mama na Kibonge walitolewa baadaye, na hawakupelekwa wodini.

Binti alikuwa wa miaka saba au minane. Alipozinduka kutoka chumba cha upasuaji alianza kusema, na hakunyamaza. Aliwasimulia manesi habari za paka wa kwao, za mwalimu wao anayelala darasani, za Kibonge aliyekula sabuni akatoa mapovu. Alisema kama chiriku, na Chiriku ndilo jina alilobaki nalo. La ukuta halikumkaa akilini. Alikumbuka mvua tu, kisha kitu kama gari kubwa likipita, kisha taa za hospitali.

Kesho yake ndugu walikutana koridoni. Msemaji alikuwa kaka mkubwa wa baba yake, karani wa mahakama, mtu wa shati lililopigwa pasi na sauti ya chini. Watu wote walimwita Baba Mkubwa, hata wasio wa ukoo. Alimwita Sista Mkuu wa wodi, akamwita nesi wa zamu, akamwita mwalimu na mama wa usafi. Aliwaeleza kwa adabu kwamba maziko yamekwisha kufanyika na kwamba mtoto asiambiwe. Mfupa uunge kwanza. Akiuliza, aambiwe Kibonge ana surua, na surua haiingii wodi ya watoto, na mama hawezi kumwacha mgonjwa. Nyuma yake fundi friji alisimama na mfuko wake wa vyombo begani, akitazama ndala zake.

Sista Mkuu alikubali, maana alishaona mengi, na mtoto anayelia na kujitupa huku mguu umefungwa kwenye kamba hakuwa jambo dogo. Mwalimu aliuliza kama daktari naye ameshauri hivyo. Baba Mkubwa alimtazama kwa upole.

"Mwalimu, hili si la daktari," alisema. "Hili ni la nyumbani."

Mwalimu akarudi kwenye beseni lake. Alijiambia kwamba kazi yake ni mirija.

Chiriku aliipenda mirija kuliko wote. Mtoto mwingine akishafunga pembetatu moja alitaka kusifiwa. Yeye alitaka kujua kwa nini. Siku waliyojaribu urefu mbalimbali, mwalimu aliwapa kila mmoja mrija mmoja mrefu na miwili mifupi sana, akawaambia waifunge pembetatu. Bosi alijaribu, akasema vifaa vibovu, akaacha. Chiriku alikaa na yake asubuhi nzima. Aliilaza mifupi juu ya mrefu, akaivuta huku na huku, ncha zake zikawa zinaelekeana bila kugusana.

"Inataka kushikana mikono, lakini haifikiani," alisema mwishowe.

"Ufanyeje?"

"Niirefushe. Au huu mrefu niukate." Alifikiri. "Nitaukata. Kibonge hapendi vitu vikubwa, anavitia mdomoni."

Tangu siku hiyo kila pembetatu iliyomtoka mikononi ilikuwa ya Kibonge. Nyingine alizifunga tatutatu, nyingine nnenne, zikawa vijumba vyenye ncha. Baba yake alipokuja jioni, bado ananuka gesi ya friji, alimkabidhi na kumpa maagizo: hii asiikanyage, hii amfungie mkononi, hii ya mama. Baba alizipokea kwa mikono miwili. Kesho yake aliulizwa Kibonge kasemaje, naye akajibu kwamba kacheka, kwamba kavunja moja, kwamba surua inapungua kidogo. Akijibu alitazama dirishani.

Mwalimu aliyasikia hayo akiwa anakusanya mikasi. Aliwahi kumfuata fundi hadi nje, akitaka kumwambia neno la faraja, akamkuta amesimama karibu na bomba la maji, kavifungua vifungo vya mfuko wake, anazipanga pembetatu katikati ya bisibisi na koleo ili zisibonyee. Mwalimu alirudi ndani bila kujionyesha.

Asubuhi moja wodi ilikuwa imetulia, Bosi amepelekwa eksirei, Mapengo amelala. Chiriku alikuwa akipitisha uzi. Hakuinua macho.

"Mwalimu, mama yangu yuko wapi?"

"Baba amekuambia."

"Nakuuliza wewe. Baba akisema anatazama dirisha." Akavuta uzi, akakaza fundo kwa meno. "Wewe ulisema vijiti vitatu havilegei, nikavuta, havikulegea. Ulisema kona zitanyooka, zikanyooka. Wewe huongopi."

Kwa miaka yote ya kufundisha hakuna mtoto aliyewahi kumpa mwalimu yule sifa iliyomwingia kama ile. Angeweza kusema, "Hilo nitamwita baba yako akujibu." Angeweza kusema, "Mimi si wa kukujibu hilo." Maneno hayo yalimjia baadaye, mengi, mazuri. Wakati ule aliona tu kamba, mfuko wa mchanga na ule uso uliogeuzwa kwake.

"Mama yako yuko nyumbani," alisema. "Anamwuguza Kibonge."

Chiriku aliachia pumzi. Mwalimu angeishia hapo, lakini ukimya ulimtisha, na mtu akishaanza kudanganya huogopa kuacha pengo. Akaongeza, bila kuombwa na mtu:

"Na zile pembetatu zako anazipenda sana. Amezitundika juu ya kitanda."

"Za rangi gani?"

"Zile nyekundu."

Mtoto alitabasamu, akachagua mirija mingine myekundu kwenye beseni.

Jioni ile mwalimu hakwenda nyumbani kwa wakati wake. Alimngoja fundi friji koridoni, na Baba Mkubwa akatokea naye. Aliwaambia wote wawili kwamba ameulizwa, amedanganya, na hataweza mara ya pili. Alisema mtoto amekwisha kunusa jambo, kwamba la kuvunda halina ubani, kwamba ni heri alisikie kutoka kwa baba yake, mkono wake ukiwa mkononi mwake, kuliko kuliokota njiani.

Fundi alifungua kinywa. Alisema polepole, kama mtu anayejaribu mlango asiojua umefungwa au la, kwamba yeye anadanganya kila siku na kila siku anaona ni ya mwisho. Kisha akamtazama kaka yake.

Baba Mkubwa hakukasirika. Alikaa kwenye benchi, akavua miwani, akasimulia kwamba walikuwa na dada, yeye na fundi. Fundi hakumjua vizuri, alikuwa mchanga. Dada yule alikuwa mgonjwa, anapata nafuu, ameanza kunywa uji. Mtu mmoja mwenye haraka akamwambia kwamba mumewe amefariki safarini. Dada akageukia ukutani. Hakunywa uji tena, hakunywa hata maji, na hakumaliza juma.

"Nilikuwa nimeshika bakuli," alisema. "Mwalimu, wewe unajua mambo ya vitabu, nami nakuheshimu. Lakini huyu mtoto ndiye aliyebaki. Eksirei ijayo, wakisema mfupa umeshika, nitamwambia mimi mwenyewe. Nakuomba."

Mzee anapokuomba hivyo, humjibu kwa hoja. Walikubaliana kungoja eksirei. Sista Mkuu alipoambiwa alisema ni uamuzi mzuri, akarudi kwenye toroli lake la dawa. Siku zilizofuata mwalimu alihakikisha hapiti peke yake karibu na kitanda cha Chiriku. Kama ni kumfundisha, alimfundisha pamoja na Mapengo, kwa sauti kubwa, akisema haraka haraka.

Eksirei haikuwahi.

Ilikuwa saa ya kutazama wagonjwa, jua bado kali, wodi imejaa akina mama na vikapu. Fundi friji alikuwa ametumwa duka la dawa. Akaingia bibi mmoja mfupi, mwenye fimbo, vumbi la safari bado liko kwenye kanga yake. Alikuwa shangazi wa marehemu mama, aliyemlea tangu utoto. Habari zilimfikia kwa kuchelewa, njia zilikuwa zimekatika kwa mvua, na alipofika mjini alikuta chumba ni kifusi, akaelekezwa hospitali. Hakuna aliyekumbuka kumwambia lipi lisisemwe. Alikwenda kitanda kwa kitanda akichungulia nyuso, mpaka akamwona Chiriku, na alipomwona akaiachia fimbo yake. Alimkumbatia kichwa.

"Pole, mjukuu wangu," alisema. "Pole, mama. Wamekuachaje peke yako? Mama yako kaenda na mtoto wake kifuani, nami hata kumtupia udongo sikujaliwa."

Alisema kwa sauti ya mtu aliyelia njia nzima. Wote walisikia. Mama mmoja aliyekuwa akimenya chungwa aliacha kumenya.

Mwalimu alikuwa vitanda viwili kutoka hapo, beseni la mirija mkononi. Aliona Chiriku akijitoa taratibu kwenye kanga ya bibi. Hakumtazama bibi. Alimtafuta mwalimu kwa macho, akampata.

"Mwalimu, ni kweli?"

Sista Mkuu alikuwa mlangoni, akimtikisia mwalimu kichwa. Mwalimu alimwona.

"Ni kweli," alisema.

"Kibonge pia?"

"Kibonge pia."

"Wewe ulijua?"

"Nilijua."

Chiriku alikuwa ameshika pembetatu ambayo haijafungwa fundo la mwisho. Aliiweka juu ya kabati la kando ya kitanda. Akaitoa mirija kwenye uzi mmoja mmoja, akailaza sambamba, akaingiza mikono yote miwili chini ya shuka. Bibi sasa alikuwa amefahamu alichofanya, akawa anaomba radhi kwa kila mtu, kwa nesi, kwa mama mwenye chungwa, kwa watoto. Mwalimu alimshika mkono na kumkalisha. Hakuna aliyekuwa na ubavu wa kumlaumu.

Baba aliporudi na dawa aliona nyuso akajua. Alipiga magoti kando ya kitanda, akaanza kusema maneno yasiyo na mpangilio: mvua, friji ya mtu, simu aliyopigiwa. Mtoto alimsikiliza hadi mwisho.

"Zile nilizomtengenezea Kibonge zilikwenda wapi?"

Fundi alifungua mfuko wake. Alizitoa moja moja kutoka kati ya bisibisi na nyaya, zikiwa na madoa ya grisi, baadhi zimebonyea, nyingi nzima, akazipanga juu ya shuka, na zilikuwa nyingi kuliko alivyodhani mtu yeyote. Hata moja haikuwa imetupwa. Hapo ndipo Chiriku alipolia. Alilia kwa sauti ambayo wodi ile, iliyozoea vilio vya mifupa, haikuwahi kuisikia. Alijitupa, kamba zikalia kwenye magurudumu, na Sista Mkuu na nesi wakaja kumshika nyonga ili mfupa usiteguke, baba yake akimshika kichwa na kulia naye. Watoto wengine wakalia pia. Bosi alijifunika shuka gubigubi.

Baba Mkubwa alikuja jioni. Alikwisha kupata habari. Alisimama mwisho wa kitanda, kofia mkononi, akamwambia mtoto kwamba uamuzi ulikuwa wake yeye, si wa baba, wala wa mwalimu, na kwamba aliogopa. Chiriku alikuwa amegeukia ukutani. Mzee alipoliona hilo aliomba uji, akakaa na bakuli pale mpaka likapoa. Kesho yake alirudi na jingine. Siku ya tatu mtoto alikunywa vijiko kadhaa, na mzee akatoka nje haraka. Mama wa usafi alimkuta nyuma ya stoo ya mashuka akifuta miwani.

Hakufa, basi. Mfupa uliendelea kuunga kana kwamba hayo hayakuuhusu. Lakini yule chiriku alinyamaza. Alijibu aliloulizwa: ndiyo, hapana, nimeshiba, panauma hapa. Habari za paka na za sabuni zilikwisha. Na jina lenyewe likaanza kuwakwama watu mdomoni, hadi manesi wakawa wanamwita "mama" tu.

Mwalimu hakumlazimisha lolote. Siku iliyofuata msiba kujulikana alikwenda kitandani kwake, akavuta kiti, akasema, "Nilikudanganya. La kuwa yuko nyumbani niliombwa kulisema. La kuwa amezitundika juu ya kitanda nililitunga mwenyewe. Samahani." Mtoto alimsikiliza akitazama dari.

"Nyekundu," alisema, akafumba macho.

Baada ya hapo mwalimu alipita kila asubuhi, akaweka mirija, mkasi na uzi juu ya kabati, akaenda zake kwa wengine. Jioni alivikuta vilevile. Mapengo aliuliza kwa nini anaviweka kama haviguswi. Mwalimu alimwambia kwamba hajui.

Jambo lingine lilianza, ambalo manesi walilichukulia kama ukaidi. Chiriku aliacha kusadiki neno la mtu mmoja. Nesi akimwambia sindano ni moja tu leo, alimwuliza na nesi wa pili. Sista Mkuu akisema daktari atapita asubuhi, alimtuma Mapengo amwulize mama wa usafi kama amemwona daktari. Mwalimu akisema leo ni Jumanne, aliomba simu ya mtu atazame. Baba akimuaga, alitaka kujua anakwenda wapi, nyumba ya nani, friji ya rangi gani, na akifika huko ampigie Sista simu aseme nyuma yake kuna sauti gani. Baba alifanya yote hayo. Sista alilalamika kwamba simu ya wodi si ya kazi hiyo, halafu akawa anaipokea.

Siku moja mwalimu akikusanya vitu, mtoto aliuliza, akitazama dari:

"Waliumia sana?"

Mwalimu aliweka beseni chini. Majibu ya kumtuliza yalikuwapo, na watu wengi wema wangeyatoa. Alisema: "Sijui. Sikuwapo. Majirani waliofukua wanaweza kujua, na baba yako anaweza kuwauliza. Mimi sijui."

Chiriku aligeuza shingo akamtazama, kwa mara ya kwanza tangu siku ya bibi. Kesho yake alimwagiza baba yake, na baba alimleta kijana muuza mkaa aliyekuwa wa kwanza kufukua. Walizungumza watatu, kwa sauti ndogo, pazia limevutwa. Mwalimu hakujua kijana alisema nini na hakuuliza. Aliona tu kwamba siku ile mtoto alikula chakula chote, na usiku, alivyosimulia nesi, aliita mama yake usingizini.

Eksirei ilipokuja kuonyesha kwamba mfupa umeshika, ilionyesha pia kwamba umeshika ukiwa mfupi kidogo. Daktari alisema huenda ni kwa sababu ya zile purukushani, huenda ilikuwa iwe hivyo tu. Sista Mkuu alimtazama mwalimu aliposikia hayo, halafu akatazama pembeni. Walimfungua kamba, wakamfunga plasta, wakamfundisha kutembea kwa magongo. Alijifunza haraka bila kulalamika, akihesabu vigae vya sakafu kwa mdomo usiotoa sauti.

Siku ya kutoka, Baba Mkubwa alimvalisha viatu vipya, kimoja soli yake imeongezwa. Chiriku alizunguka wodi akiwaaga wote kama mtu mzima anayeondoka matangani. Bosi, ambaye mfupa wake ulichelewa kuunga na bado alikuwa kwenye kamba, alimpa kisanduku cha karatasi alichokunja mwenyewe, akasema akikiponda ni shauri lake. Alipofika kwa mwalimu alimpa mkono uliolegea, akasema, "Asante, Mwalimu," kama mtu anavyomshukuru aliyempisha njiani. Zile pembetatu zenye grisi hakuzibeba. Baba yake alizirudisha mfukoni mwa vyombo, na mtoto alimwona akifanya hivyo, akamwacha.

Mwalimu aliendelea na kazi. Vitanda vilijaa, vikatoka watu, vikajaa. Aliwafundisha wengine mraba unaolala kama mlevi na mrija wa mshazari unaoutia nguvu. Maneno yake ya zamani, kwamba wasimwamini, aliyasema bado, lakini watoto wa sasa hawakucheka alipoyasema, pengine kwa sababu ya alivyoyasema.

Akamwona Chiriku mara moja tena, katika kliniki ya miguu, mvua nyingine zikiwa zinaanza. Alikuwa amerefuka. Alikaa kwenye benchi kando ya baba yake, akachechemea kwenda kumwamkia mwalimu, "Shikamoo," akaitikiwa, akarudi alikokaa. Daktari alipomwita aliingia peke yake na kufunga mlango.

Fundi friji alisogea akampisha mwalimu nafasi. Alisema sasa wanaishi kwa Baba Mkubwa, chumba cha nje, na kwamba mtoto anafanya vizuri shuleni, hesabu hasa. Alisema hilo la kuuliza halijaisha. Akitoka kazini akachelewa, hata kidogo tu, humkuta mtoto amesimama getini na gongo lake, mvua inyeshe isinyeshe, na hakuna anayeweza kumwingiza ndani, si Baba Mkubwa, si mkewe.

"Haniulizi nilikuwa wapi," alisema. "Ananigusa tu hapa kifuani, halafu anaingia ndani kula."

Mwalimu alimwuliza anafanyaje sasa.

"Sichelewi tena," alisema fundi, akatazama mlango wa daktari.